Naomba ushauri: kijana wa Kibrazili ninayeishi naye Dublin amekata tamaa, na kwao walishauza ng'ombe

BintiTanga
Wakuu, heshima kwenu. Wale mlioko majuu, hasa Ayalandi, naomba mawazo. Jambo si langu ila linaninyima usingizi.

Nyumba ninayokaa hapa Dublin mkataba uko kwa jina langu, wenzangu wamechukua vyumba vingine tunachangia kodi. Mmoja ni kijana wa Kibrazili, miaka 22, anatokea Anápolis, jimbo la Goiás. Tumwite Dogo. Alikuja kusoma Kiingereza. Wenzetu hawa hawahangaiki na viza kama sisi. Wanapanda ndege na barua ya shule mkononi, wakishafika ndipo wanajiandikisha uhamiaji na kulipia kadi ya ukaazi yuro 300. Ndiyo maana utawakuta kila kona ya mji huu.

Mwanzo alifikia nyumba ya Wabrazili watupu, chumba kimoja madabo deka mpaka mlangoni. Anapokuja kwangu anazijua barabara zote za Dublin kwa kichwa, ila Kiingereza cha kuomba chumvi hana. Kazi yake kusambaza chakula kwa baiskeli ya umeme. Akaunti ya ile programu ya simu inayogawa kazi si yake, maana mwanafunzi haruhusiwi kujiajiri, kwa hiyo anakodi ya mtu na kumlipa kila wiki, apate kazi asipate. Mwezi uliopita mwenye akaunti akabadilisha namba ya siri, hela ya Dogo ikaishia hukohuko. Haujapita muda, baiskeli nayo ikaibwa.

Toka hapo shule haendi. Analala mpaka mchana, na mwezi huu wa Novemba saa kumi na robo jua limeshazama, kwa hiyo zipo siku mtoto wa watu halioni kabisa. Kodi ana deni. Lakini Jumapili anaamka, anakaanga unga wa muhogo kwenye siagi na vitunguu mpaka uwe wa kahawia, anaumwagia juu ya maharage na wali, anatuita wote mezani. Ukimwona hapo anavyocheka hutajua kitu. Akimaliza anampigia mama yake video na kumwambia mambo safi. Juzi akanipa simu nimsalimie. Mimi Kireno sijui, mama Kiingereza hajui. Akanikunjia mikono kama anayeomba, nami nikaitikia kwa kichwa. Nimekubali nini, Mungu anajua.

Baba yake ameuza ng'ombe kulipia ile shule. Sasa Dogo anasema bora arudi kwao. Binamu yake anamwita Gort, kule Galway, waliko Wabrazili wenzao. Mimi naona abaki. Mpangaji mwenzetu anataka nimtoe kabla ya Krismasi. Nifanyeje? Kama una matusi kaa nayo.

Mzee wa Boksi
Pole, dada. Kabla ya yote uliza mambo mawili: kadi inaisha lini, na mahudhurio yake shuleni ni asilimia ngapi. Uhamiaji wanataka asilimia 85, chini ya hapo kuongezewa muda ni kasheshe. Kozi zile ni wiki 25 ndani ya ruhusa ya miezi minane, na mtu anaweza kuzirudia mpaka zifike tatu, jumla miaka miwili. Kama yuko kwenye ya kwanza, bado kuna pa kushika. Kama ni ya tatu, tutapiga kelele bure hapa.

BintiTanga
Ni ya kwanza, kadi inaisha Machi. Mahudhurio hasemi. Barua za shule nimezikuta nyuma ya mashine ya kufulia.

Chalii wa Ngarenaro
Huyo ana ubalozi wake hapo Dublin na ndugu zake wamejaa mji mzima. Sisi Wabongo tunalala stoo za watu na hakuna anayetufungulia uzi. Dai kodi yako.

Mama Pacha
Chalii, roho mbaya haijengi. Dada, mimi niko Galway, Gort naijua. Mji mdogo sana, unaumaliza kwa miguu. Wabrazili walianza kufika mwishoni mwa miaka ya 1990 kufanya kazi viwanda vya nyama, na wengi walitokea hukohuko Anápolis kwa huyo kijana, kwa sababu kazi ya nyama walikuwa wanaijua. Leo wana makanisa yao na maduka yao, na watoto wao wanaongea Kiingereza cha Galway. Dogo akienda atapokelewa, atashiba, na upweke utapungua, hilo sibishi.

Lakini kufanya kazi kiwandani muda wote kunataka kibali, na kibali hakiji kwa sababu binamu yuko pale. Dogo ni mwanafunzi wa shule ya Dublin. Akiiacha akahamia huku, huko si kuhama, ni kuzamia. Aende kula Krismasi, arudi.

Kaka Limerick
Naungana na Mama Pacha. Ila hebu tuongee hela. Mwanafunzi anaruhusiwa saa 20 kwa wiki, na kuanzia tarehe 15 Desemba hadi 15 Januari zinafika 40. Kima cha chini mwaka 2025 kilikuwa yuro 13.50 kwa saa. Piga hesabu kwa kima hicho: wiki ya kawaida yuro 270, kipindi cha sikukuu 540, kabla ya makato. Mwezi huu ndio mahoteli yanatafuta watu wa jikoni. Kuosha vyombo hakudai Kiingereza, na lugha utaipata hapohapo, mpishi akikufokea mara mbili hulisahau tena hilo neno. Mimi cha kwangu nilikipata kwenye masinki. Namba ya PPS, ile ya kodi na kazi, anayo?

BintiTanga
Anayo, alichukua mapema. Hata hoteli ninayofanya kazi wanatafuta watu, ila nikimwambia anasema hawezi kurudi usiku.

Nuru_wa_Mji
Hawezi kurudi usiku? Mtu aliyekuwa anasambaza chakula mpaka saa sita? Dada, muulize vizuri ile baiskeli iliibwaje. Mimi niliwahi kufanya kazi ile. Kuna vijana wa mitaani wanawawinda wasambazaji, wanarusha mayai, wanarusha mawe. Na mnakumbuka Novemba 2023, mtu alipowachoma kisu watoto pale Parnell Square, aliyemwangusha alikuwa Mbrazili msambazaji, Caio Benicio, alimpiga kwa helmeti yake. Usiku uleule watu wakachoma mabasi mjini wakilaani wahamiaji. Wenzetu wengi wanaogopa na hawasemi.

BintiTanga
Nimerudi. Nuru, Mungu akubariki. Nimemkalisha jikoni na programu ya kutafsiri katikati yetu. Baiskeli haikuibwa ikiwa imeegeshwa. Walimzuia darajani, wanne, mmoja akampiga na chuma mgongoni, na alama nimeiona kwa macho yangu. Polisi alienda lakini akasema imeibwa tu, kwa kuhofia wakimhoji sana wataulizia akaunti. Mama yake hajui. Shuleni hawajui.

Nuru_wa_Mji
Nilijua. Amwone daktari kwanza. Kisha kabla hajarudi polisi kubadilisha maelezo, aende ICOS, wanashughulika na wanafunzi wa kigeni, au MRCI, kituo cha haki za wahamiaji, kwa hayo ya akaunti. Ushauri wao ni wa bure. Ile akaunti nayo ni kosa kwa upande wake, kwa hiyo asiende kichwakichwa.

Mzee wa Boksi
Na cheti cha daktari apeleke shule. Mahudhurio yenye sababu na yasiyo na sababu hayasomwi sawa. Jumatatu, dada, si wiki ijayo.

BintiTanga
Jumatatu tunakwenda wote, nimeomba kubadilishiwa zamu. Jumamosi anakuja kujaribiwa jikoni hotelini kwetu, zamu ya mchana, na kurudi tutapanda Luas, treni ya mjini, pamoja. Deni atalipa kidogokidogo, na mwenzetu amekubali kwa shingo upande. Limebaki moja: mama yake nimwambie?

Mama Pacha
Wewe usimwambie. Dogo mwenyewe aseme, wewe kaa karibu na simu.

Kaka Limerick
Mimi ningemwacha aanze kazi kwanza. Mama akisikia chuma mgongoni, kesho yake anauza ng'ombe mwingine wa tiketi.

Chalii wa Ngarenaro
Pole yake Dogo, hayo ya darajani sikuyajua. Dada, hapo jikoni kwenu wanachukua mmoja tu?