Video poka: nikae kwenye jakpoti ya dola 1,904 au mashine ya kawaida pembeni yake?

Kabini Namba 7

Wakuu habari za mihangaiko. Mimi nasukuma lori huku Arizona, karibu kila wiki nashusha mzigo Las Vegas, na sheria inanitaka nipumzike masaa kumi kabla sijarudi barabarani, sasa masaa kumi ndani ya kabini nani anaweza kulala yote, ndo nikajikuta naingia kasino moja pale mtaa wa Fremont. Slot sizipendi, unabonyeza tu kama unaita lifti. Ila video poka nimeielewa haraka maana karata nimekua nazo, unapewa tano, unashika unazotaka, unatupa zingine, unaletewa mpya, basi.

Ishu ni hii. Kuna mashine kama nane zimepangwa mstari mmoja, juu yake mita ya taa nyekundu, royal flashi (ree, K, Q, J na 10 za alama moja) imefika dola 1,904 na inazidi kupanda. Ni za kota (senti 25), unabeti koini tano, yaani dola moja na robo kila mkono. Mchezo ni Jacks or Better, yaani malipo yanaanzia pea ya J, na jedwali la malipo kwa kila koini linasema ful hausi (tatu zinazofanana na pea) 8, flashi (tano za alama moja) 5. Pembeni kuna mashine nyingine haina mita, royal ni koini 4,000 kama kawaida, kwa kota ni dola 1,000, ila jedwali lake nimeona ful hausi 9, flashi 6. Nina dola 200 za kuchezea, zikiisha naenda kulala. Kwa akili ya kawaida 1,904 ni karibu mara mbili ya 1,000 kwa hiyo jibu liko wazi, au kuna kitu sikioni? Wa kunihubiria kuhusu kamari nawaheshimu sana ila leo naomba mpite kimya.

Mama Genge

Napita kimya. Ila mjue nimepita.

HesabuZaUani

Mkuu kuna kitu hukioni, na hukioni kwa sababu mita ina taa na jedwali halina.

Hizo 8/5 na 9/6, yaani malipo ya ful hausi na flashi, ndo bei ya mchezo wenyewe. 9/6 ukicheza bila kukosea inarudisha asilimia 99.54 ya hela inayopita, 8/5 inarudisha 97.30, hapo nahesabu royal ya kawaida ya 4,000 kwa zote mbili. Utasema tofauti ni ndogo. Lakini mtu aliyezoea anacheza mikono 600 kwa saa, zidisha kwa 1.25 unapata dola 750 zinazopita kila saa, hata kama mfukoni una 200 tu, maana unazungusha zile zile. Kwa mwendo huo 9/6 inakula kama dola tatu na nusu kwa saa, 8/5 inakula 20.

Sasa tuiweke jakpoti. Royal inakuja wastani mara moja kila mikono 40,000 hivi, ambayo ni masaa kama 67 umekalia kile kiti. Itoe royal kwenye hesabu kabisa, tuseme haiji (na kwa usiku mmoja, tuongee ukweli kaka, haiji), hapo 8/5 inakuchuna kama dola 35 kwa saa na 9/6 kama 18. Yaani mpaka masaa 67 yatimie, kwenye 8/5 umeacha dola 2,350 hivi kuisubiri 1,904, na kwenye 9/6 umeacha 1,230 kuisubiri 1,000. Ya kwanza uko chini kama 450, ya pili uko chini 230. Kwa hiyo 9/6 isiyo na taa bado ni nafuu, japo hiyo mita imeshabana pengo sana, ingekuwa ndo imeanza upya kwenye 1,000 wala tusingekuwa tunabishana. 8/5 ya kota inakuja sawa kwa sawa mita ikigonga kama 2,200, tena kwa mtu anayejua kubadilisha kidogo anavyoshika karata ili aifukuzie royal zaidi.

Kitu kingine, usije ukabana matumizi ukacheza koini moja moja. Koini moja mpaka nne royal inalipa 250 kwa kila koini, ya tano ndo inaruka mpaka 4,000, na ya mita huipati kabisa bila tano. Kama 1.25 inauma, tafuta mashine ya senti ndogo ucheze tano huko.

Msupa wa Rongai

Niaje wasee. Na si mita ikipanda hivyo ina maana iko karibu kuanguka? Huku kwetu kulikuwa na zile mashine za Mchina za koini ya mbao, yaani shilingi ishirini, majamaa walikuwa wanaangalia ile imekula watu mchana kutwa, jioni ndio wanaingia wao kuvuna.

HesabuZaUani

Na walivuna? 😂

Hapana dada. Nevada, jimbo lenye Las Vegas, sheria inataka mashine inayoonyesha karata ifanye kama karata kweli, 52, kila moja ina nafasi sawa na mwenzake ya kutoka, na kila mkono unachanganywa upya. Mita inapanda kwa sababu kipande kidogo cha kila beti kinadondoshewa humo, ni kibubu kilichojazwa na walioliwa kabla yako, basi, hakiongei na karata. Ukicheza mikono 40,000 nafasi ya kutoiona royal hata moja ni kama asilimia 37. Na aliyeikosa mikono yote hiyo anaanza wa 40,001 akiwa sawasawa na mtalii aliyekaa sasa hivi na bia yake.

F1 Mwaka wa Tatu

Mtoa mada, una makaratasi gani hapo Marekani? Nauliza kwa nia njema. Kama una green card au uraia ushindi unauandika kwenye kodi yako kama wenzako. Ila sisi wa viza ya masomo, miaka mitano ya mwanzo kwa kawaida tunahesabika si wakazi kwa upande wa kodi, na hapo jakpoti ya mashine ikifika kiwango cha kuandikiwa fomu wanakukata asilimia 30 pale pale kabla hujaishika. Tanzania na Kenya hazina mkataba wa kodi na Marekani kwa hiyo hakuna pa kujitetea, na zile ulizoliwa huruhusiwi kuzitoa kwenye hesabu. Mita ya 2,400 kwako inageuka 1,680, halafu urudie hesabu za jamaa hapo juu uone kama inafika popote. Kichekesho ni kwamba blackjack na rouleti kwa mtu kama mimi hazikatwi hiyo kodi, mashine ndo inakatwa.

Kabini Namba 7

Green card mkuu, mwaka wa sita sasa. Asante lakini, kuna dogo wa binamu yangu yuko chuo nitamfikishia.

Babu Shupaza

Wanangu, mnapiga hesabu za mashine mnasahau mchezaji. Hizo 99.54 ni za mtu asiyekosea, na sisi tuliolelewa na turufu tunakosea kwa namna yetu, tunaipenda mno ree. Umepewa pea ya nane na ree, unashika zote tatu kwa sababu roho haikubali kuitupa ree. Itupe. Shika nane mbili uletewe tatu mpya, ukibeba ree unajinyima nafasi ya kupata nane nyingine. Pea ndogo na karata nne za streti (tano zinazofuatana) ya kuanzia chini, shika pea. Karata nne za flashi na pea ndogo, hapo shika flashi. Pea ya J kwenda juu inalipa tayari, usiivunje kwa ajili ya karata tatu za royal ya kawaida ya 4,000 hata zikikuchekea vipi.

Ila nne za royal ni habari nyingine. Mimi nilipewa K, Q, J, 10 na 4, zote kopa. Flashi kamili, koini 30 mezani. Nikaichukua, nani anatupa hela iliyoshaiva? Baadae nikakaa na kalamu nikaona ujinga wangu. Ukiitupa ile 4 zimebaki karata 47, ree ya kopa ni koini 4,000, 9 ya kopa ni streti flashi 250, kopa nyingine sita zinarudisha flashi ile ile, halafu streti sita na pea tisa za kukufuta machozi. Jumlisha gawa kwa 47, wastani unakaribia koini 98. Nilichukua 30 nikaacha 98. Mke wangu alikuwa amekaa pembeni akaniuliza "na ile ree ya kopa ingekuja?", na mpaka leo nikisitasita kwenye jambo lolote, hata kununua friji, ananiuliza habari ya ree ya kopa.

Na usivutwe na Double Double Bonus, aina nyingine ya video poka, kisa imeandika koini 2,000 kwa ree nne zikija na 2, 3 au 4 pembeni. 9/6 yake inarudisha 98.98, siyo mbaya, lakini pea mbili inakurudishia beti yako tu wakati Jacks or Better inakupa mara mbili, na pea mbili ndo chakula cha kila siku. Kwa dola 200 inakumaliza kabla chai haijapoa. Deuces Wild (kila 2 inasimama badala ya karata yoyote) ile yenye jedwali kamili inapita asilimia 100, ni 100.76, ila kuikuta siku hizi ni bahati, na nyingi zinazovaa jina hilo zimenyofolewa nyama, usome jedwali.

Kabini Namba 7

Wakuu nimerudi pale jioni hii na nina aibu ya kuwaletea. Ile 9/6 niliyoisema, skrini ilikuwa imeachwa kwenye dola moja na mchezaji aliyetoka. Mashine ni moja ila unachagua mwenyewe thamani ya koini, na nilipoishusha kwenye kota jedwali likabadilika mbele ya macho yangu, ful hausi 7, flashi 5. Mchezo ule ule, jina lile lile. Kwa hiyo 9/6 naipata nikibeti dola 5 kwa mkono, kwa kota ni 7/5. Inakuwaje sasa?

HesabuZaUani

Hahaa karibu mjini. Hiyo ndo janja yao kubwa, maskini anauziwa ghali.

Basi meza imepinduka. 7/5 inarudisha 96.15 na royal ya 1,000, bila royal inakuchuna kama 44 kwa saa. Hiyo 8/5 yenye mita ya 1,904 ukiijumlisha inafika kama 99, na bila royal ni 35 kwa saa. Kwa kota kaa kwenye mita, hakuna mjadala, inaishinda 7/5 hata siku ambayo royal haiji. Dola 5 kwa mkono kwenye 9/6 asilimia ni nzuri lakini zinapita dola 3,000 kwa saa, royal isipokuja ni 73 kwa saa kwa wastani, na wastani hauna adabu, 200 yako inaweza kuisha hujamaliza nusu saa. Cheza kota, na punguza kasi, hakuna anayekukimbiza, mikono 300 kwa saa inakula nusu yake.

Babu Shupaza

Na ukipewa nne za royal unajua cha kufanya.

Kabini Namba 7

Nipo kwenye lori. Nimecheza masaa mawili na nusu kwenye mita, taratibu. Nimepata saba nne, koini 125, dola 31 na kitu, hapo ndo nilipojiona mfalme. Babu, nne za royal zilikuja, shupaza, nikavunja pea ya Q nikashika zote nne kama ulivyosema, ikaletwa 6 ya maua. Nimeondoka na dola 148. Mita nimeiacha kwenye 1,921, na Alhamisi nina mzigo wa huko huko.

Mama Genge

Alhamisi nitapita tena. Kimya.