Baiskeli ya resi ya zamani: nitengeneze au nitafute nyingine? Niko Mikindani

Kipara_Mikindani

Wakuu habari za jioni. Nina baiskeli ya resi ya kizamani, zile za Kijapani za fremu ya chuma chembamba, usukani umekunjwa kwenda chini, gia kumi (mbili mbele tano nyuma) na vijiti vya kubadilishia viko pale kwenye bomba la chini la fremu. Naitumia kwenda kazini Mtwara mjini, ni kama kilomita kumi hivi kwenda na kumi kurudi, na kwa kweli inakimbia, hizi za mlima za matairi manene siziwezi tena.

Ishu ni kwamba imechoka. Tairi la nyuma limeanza kutoa nyuzi, cheni inaruka nikikanyaga kwa nguvu kwenye kale kamlima, ringi ya nyuma inayumba kushoto kulia, bomba la siti limeganda kwenye fremu halipandi halishuki, na kutu ndo usiseme, huku baharini chumvi haina huruma na chuma. Nimempelekea fundi mmoja mjini, kaizungusha kidogo tu akasema laki na themanini, tunatoa ringi zote tunaweka za inchi 26, tairi, cheni, krenki (ile mikono ya pedali na meno yake ya mbele), kila kitu. Hapohapo kuna jamaa anauza mtumba ya mlima laki mbili na nusu, inang'aa kweli.

Mfukoni nina laki na ishirini. Hela ya korosho ya mzee mpaka minada ianze huko Oktoba na AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, walipe, si unajua tena. Nitengeneze hii au niwauzie watu wa chuma chakavu nijichange kununua nyingine? Na kama ni kutengeneza naanzia wapi?

Mwana_Chikongola

Chukua ya mlima mkuu usijitese. Vyuma vya kizamani spea zake huku hamna, utakua kila wiki uko kwa fundi. Ongezea kidogo jamaa akuachie kwa laki mbili na kumi.

bwana_pancha

Kipara, hiyo ya kuweka ringi za 26 usikubali hata kwa bure. Kwa maelezo yako ringi zako ni 27 x 1 1/4, pale tairi linapokaa kipenyo chake ni milimita 630. Ringi ya 26 ya baiskeli za mlima ni 559. Sasa gawa hiyo tofauti kwa mbili uone, raba za breki zinatakiwa zishuke zaidi ya sentimita tatu na nusu ndo ziiguse ringi, na breki za resi hazifiki huko hata kidogo. Maana yake unabaki huna breki, na baiskeli nzima inashuka, ukikata kona pedali inakwangua lami. Mtu anayekwambia hivyo ana ringi za 26 dukani kwake anataka zitoke, basi.

Hela usitoe bado. Kwanza angalia fremu, maana vyote ulivyotaja hapo vinanunulika, fremu ikiwa imekufa ndo mazungumzo yanaisha. Igeuze miguu juu, sugua uchafu wote sehemu tatu: pale krenki inapopita, pale shingo ya usukani mabomba yanapokutana nyuma ya uma wa mbele, na zile sehemu ekseli ya nyuma inapokaa. Paka mafuta ya taa, acha yaingie kidogo, alafu futa mpaka pawe pakavu kabisa na upake chaki nyeupe ya shuleni. Kama kuna ufa mafuta yaliyojificha ndani yatatoka yachore mstari kwenye chaki. Ukiuona huo mstari wape watu wa chuma chakavu, usifikirie mara mbili.

Kutu ya juujuu inayotoka kwa msasa haina shida. Ya kuogopa ni pale rangi imevimba malengelenge, bonyeza hapo na ncha ya bisibisi kwa nguvu, kama inazama basi bomba limeliwa kutokea ndani. Hasa chini kabisa kwenye krenki, maji ya mvua yanashuka na bomba la siti yanatuama pale.

Mwana_Chikongola

Ufa si unapigwa welding tu, mbona pikipiki wanachomelea kila siku na zinabeba mikaa

bwana_pancha

Bomba la pikipiki ni nene. Hizi za resi katikati ya bomba chuma hakifiki hata milimita moja, ukiweka welding ya umeme inatoboa, au inashika alafu inakatika pembeni ya ulipochomelea. Zenyewe kiwandani ziliungwa kwa gesi na shaba. Ukimpata mtu wa kuunga kwa shaba sawa, ila kwa hela ya Kipara sioni faida, na ufa wa shingoni sikushauri hata akuungie bure, shingo ikikatika uko kwenye mwendo nyuma yako kuna lori la simenti, hiyo barabara unaijua.

Kwenye cheni sasa, usikubali kuambiwa kwa macho, pima. Chukua futi ya seremala yenye inchi, weka sifuri katikati ya pini moja, hesabu vipande 24, pini unayofikia inatakiwa ikae juu ya inchi 12 kamili. Ikizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi, cheni imeisha, badilisha mapema inaokoa friwili, yale meno ya gurudumu la nyuma. Ikizidi kwa moja ya nane ujue imeshakula na meno ya friwili, hapo ukiweka cheni mpya peke yake itaruka vilevile tena pengine zaidi, inabidi ziende pamoja. Krenki meno yake ni mengi, yanachelewa sana kuisha, hiyo itoe kwenye bili ya fundi mpaka uone meno yamechongoka.

Ringi kuyumba kuna namna mbili watu wanachanganya. Shika ringi kwa juu isukume kushoto kulia bila kuizungusha: ikigonga gonga pale kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, ni koni (zile nati zinazobana gololi) zimelegea au gololi zimekwisha. Gololi za nyuma kwa kawaida ni za robo inchi, tisa kila upande, za mbele ni ndogo, 3/16, kumi kila upande, hiyo ni hela ya soda na grisi. Kama habu imetulia ila ringi ikizunguka inacheza kwenye raba za breki, hizo ni spoku, inanyooshwa.

Binti_Mitwero

Mimi niko Lindi, nina kama hiyo hiyo, nimeirithi kwa kaka. Kaka yangu nikwambie kitu, hiyo mtumba ya laki mbili na nusu usiihesabie bei ya kununulia tu. Inang'aa kwa sababu imepakwa, ila yale matairi yamekaa kwenye kontena miaka, ukijaza upepo siku ya jua ubavu unapasuka. Waya za breki zimeshikana, tyubu zina viraka. Yaani utainunua alafu utaanza na tairi, tyubu, waya, kama unavyotakiwa kuanza na hii yako. Shoga yangu aliongeza karibu elfu sabini juu ya bei ndo ikatembea.

Yangu mimi niliipeleka gia moja. Nilitoa gia zote, fundi akaweka friwili ya gia moja hizi hizi za baiskeli za kawaida za Kichina, ikaingia kwenye habu bila shida, cheni ikakatwa, na kwa vile sehemu ya ekseli ya nyuma imelala unavuta gurudumu nyuma mpaka cheni ikaze. Spea zake kila duka. Mbele nimebaki na meno yale madogo, kwa hapa mjini inatosha, ila kupanda huku Mitwero na mzigo nashuka nasukuma sioni aibu.

Kipara_Mikindani

Asante dada, hiyo ya gia moja nimeipenda. Ila ule mlima jioni na upepo wa bahari usoni sijui. Na tairi je? Dukani wananiambia 27 hawana ila 28 ipo nyingi, inaingia?

Mwana_Chikongola

Weka tu hiyo 28 itakaza ukijaza upepo 😂

bwana_pancha

Hapana hapana. Ile 28 x 1 1/2 ya baiskeli kubwa za kubebea maji ni 635, yako ni 630. Ni milimita tano tu ila inaingia kwa mkono kirahisi mpaka unafurahi, ukijaza upepo inapanda juu ya ukingo wa ringi na tyubu inapasuka kama bomu. Na kuna nyingine imeandikwa 28 pia au 700, hiyo ni 622, yenyewe kwenye ringi yako haipandi hata ukiipiga na nyundo. Achana na 26, 27, 28, soma ubavuni ile namba yenye kistari katikati, mfano 32-630. Ile ya mwisho ndo kipenyo. Ukiikosa kabisa 630 basi tafuta ringi za mtumba za 622, tairi zake zinapatikana zaidi, raba za breki zinashuka milimita nne tu. Nenda kaangalie sasa hivi kwenye mkono wa breki, ule mwanya raba inapofungiwa, kama una nafasi ya kushuka hizo nne basi njia hiyo ipo wazi kwako.

Gari_la_Jioni

Niko Dar, Jumamosi nakwenda Kariakoo kwa shughuli zangu, naweza kukuulizia hizo 630 nikakutumia kwa basi. Ila sikuahidi, hizi ni za kubahatisha.

Kipara_Mikindani

Wakuu nimerudi. Nimefanya yote ya chaki leo, watoto wa mtaa wote walikua wananishangaa. Fremu haina mstari hata mmoja, kutu iko juujuu, chini ya krenki bisibisi haikuzama. Cheni nimepima pini imepita inchi 12 kwa moja ya nane na kidogo, kwa hiyo na friwili imekwenda. Habu inagonga. Spoku mbili za nyuma zimelegea kabisa, nazizungusha kwa vidole. Mwanya wa breki una nafasi, naona kama milimita saba chini ya raba.

Siti ndo sijui nifanyeje, nimegonga mpaka jirani kalalamika.

bwana_pancha

Siti inakufaa kwa urefu ulipo? Kama mguu unanyooka vizuri ukikanyaga chini, iache hapohapo wala usiiguse. Bomba la alumini ndani ya fremu ya chuma, na chumvi ya huko, yanashikana kweli kweli, ukiligonga sana utapinda fremu ambayo tumeshaona ni nzima. Ukitaka sana, utakapofungua krenki igeuze umwagie mafuta ya kulainishia kutu kutokea chini, rudia jioni kadhaa, alafu unazungusha siti taratibu, hupigi.

Hesabu yako basi: cheni na friwili ya gia moja kama ya Binti, au ya gia tano ukiipata kwa bei ya kueleweka, hivyo vijiti vyako vya gia havichagui friwili maana havina hatua, unavuta mpaka inakaa. Gololi, grisi, spoku mbili, kunyoosha ringi, raba na waya za breki. Hapo hujafika elfu sabini kwa bei za huku, inayobaki yote ni ya tairi na tyubu. Fundi mwambie kabisa unataka vitu gani kabla hajashika spana.

Binti_Mitwero

Na umpe wewe grisi, usimwachie ya kwake ile iliyochanganyika na mchanga.

Gari_la_Jioni

Kipara nimepata mbili, 32-630, muuzaji anataka elfu kumi na nane kila moja, zimekaa dukani siku nyingi. Nichukue?

bwana_pancha

Kabla hujalipa kunja ubavu kwa vidole viwili, zunguka tairi zima. Raba ikionyesha vinyufa vidogo vidogo rudisha. Ikiwa laini chukua zote mbili na umwombe elfu thelathini na mbili.

Gari_la_Jioni

Laini. Kagoma kwenye thelathini na nne. Kipara nitumie hela, basi linatoka kesho alfajiri.