Chungu, ndoo au kiroba? Majani ya kiungo kibarazani, Tanga

Mama_Chumbageni: Habari zenu wapendwa. Nyumba niliyopanga ina kibaraza tu, jua linaingia saa sita mpaka magharibi. Nataka mrehani, nanaa, kotimiri na mchaichai. Nianze na vyungu vya udongo, ndoo za plastiki au viroba?

Kijana_Makorora: Ndoo, dada. Chungu kinapumua, kweli, lakini kwa joto la Januari na Februari ukimwagilia asubuhi, jioni udongo umekauka. Toboa chini kwa msumari wa moto, na uchague ndoo nyeupe. Nyeusi inapata moto hadi mizizi inaungua.

Bi_Mrehani: Mwanangu, kwa mrehani hapana. Masika ikikolea, udongo wa ndoo haukauki na mizizi inaoza. Mrehani wangu uko kwenye chungu, juani. Ukitaka kuchanua nakata ncha, juu kidogo ya pale majani mawili yanapotokea; hapo yanachipua matawi mawili, na majani hayakosekani. Nanaa ndiyo ya ndoo, kwa kuwa inapenda unyevu na kivuli cha mchana. Ipande peke yake, inatambaa na kuwasonga wenzake.

Mpishi_Raskazone: Kotimiri ndiyo inayowashinda wengi. Ile punje ya duara ina mbegu mbili ndani. Ibiringishie chupa polepole ipasuke, uiloweke usiku kucha, kisha uipande palepale itakapokulia, maana haipendi kuhamishwa. Joto linaiharakisha kutoa maua, kwa hiyo ipe kivuli na upande kidogo kidogo kila wiki mbili au tatu. Beseni la kina cha shibiri moja linatosha. Miezi ya kipupwe, Juni mpaka Agosti, ndiyo inastawi kwelikweli. Mchaichai mtie kwenye kiroba, shina linatanuka sana.

Kijana_Makorora: Kwa mrehani nimekuelewa, Bi. Dada, mchanga wa ufukweni usiuguse, una chumvi.

Mama_Chumbageni: Asanteni sana. Na maji yetu ya kisima yana chumvichumvi, itakuwaje?

Bi_Mrehani: Chungu kitafanya utando mweupe kwa nje, ndiyo chumvi hiyo. Kinga maji ya mvua kila ukiweza. Ukikosa, mwagilia mengi kwa mkupuo mpaka yachuruzike chini, yaondoke na chumvi. Vikombe viwili vitatu vya juujuu vinaiacha humohumo kwenye mizizi.