Mjadala: "Neno la mwaka" tunalotangaziwa kwenye mkesha, ni la Mungu au ni letu?

Wapendwa, heri ya mwaka mpya. Naomba tulijadili hili bila kurushiana mawe.

Kila tarehe 31 Desemba, ikigonga saa sita usiku, mtumishi anashika maiki: "Huu ni mwaka wako wa kuinuliwa! Mwambie jirani yako!" Vigelegele. Mstari unaopendwa ni Yeremia 29:11, mawazo ya amani wala si ya mabaya. Unabandikwa ukutani, na Desemba ikifika unabanduliwa kimyakimya, unawekwa mwingine. Hakuna anayeuliza ule wa zamani uliishia wapi.

Mimi naomba turudi nyuma sura moja tu. Yeremia 28, mateka wako Babeli, Yeremia amejivika nira ya mti shingoni, ishara kwamba watu wamtumikie mfalme wa Babeli. Anasimama nabii Hanania katika nyumba ya Bwana, mbele ya makuhani na watu wote, na kutangaza kwamba ndani ya miaka miwili vyombo vya hekalu na mateka wote watarudi. Kisha anaichukua ile nira shingoni mwa mwenzake na kuivunja. Hebu fikiria shangwe! Hata Yeremia mwenyewe alikuwa ameitikia "Amina". Baadaye ndipo akatumwa na jibu: "mwaka huu utakufa." Hanania alitabiri mwezi wa tano, akafa mwezi wa saba. Hilo nalo ni neno la mwaka, ila sijaona likibandikwa popote.

Ndipo inafuata sura ya 29, barua kwa mateka. Mstari wa 10, jirani kabisa wa ule wetu, unataja miaka 70 kabla ya kurudishwa. Mtu mzima wa miaka 40 akisomewa barua ile anajua kwamba yeye harudi. Anaambiwa ajenge nyumba, apande bustani, auombee mji uliomteka.

Sina ugomvi na mkesha wenyewe. John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, mwaka 1755 aliwaongoza watu wake katika ibada ya kufanya upya agano, na Wamethodisti wengi hadi leo huifanya mwanzo wa mwaka. Ila pale muumini ndiye anayemwahidi Mungu: nitumie upendavyo, iwe kwa kazi au kwa mateso. Sisi tumeigeuza, Mungu ndiye mdaiwa.

JIBU LA 1: Mleta mada, unakatisha watu tamaa. Mtu kafukuzwa kazi Novemba, mtoto mgonjwa, unamletea miaka 70? Isaya 43:19 inasema, "Tazama, nitatenda neno jipya." Na Wamoravian wa Herrnhut, Ujerumani, wanachapisha kitabu cha mistari ya kila siku tangu 1731, ya Agano la Kale inachaguliwa kwa bahati nasibu kabisa. Nao wamekosea?

JIBU LA 2: Januari yenyewe ni ya Warumi. Kutoka 12:2 mwaka unaanza na mwezi wa kutoka Misri. Mnagombania nini?

MLETA MADA: Wa pili, hilo tuliweke kiporo, lina utamu wake.

Wa kwanza, mstari wa Wamoravian ni wa kutafakari siku nzima, haumtabirii mtu nyumba wala cheo. Na kuhusu kukata tamaa: mwaka tulioambiwa ni wa kuinuliwa nilimzika mama mwezi wa tatu. Msiba ulipoisha nilikaa miezi nikichokonoa maisha yangu, nitafute dhambi iliyozuia neno. Kilichonitoa pale ni mtini wa Luka 13, usiozaa miaka mitatu, mwenye shamba anataka ukatwe. Mtunzaji anasema: "Bwana, uuache mwaka huu nao, hata niupalilie, niutilie samadi." Mtini hauahidiwi kuinuliwa. Unaongezewa mwaka, unaletewa jembe na mavi ya ng'ombe.

Nawauliza wachungaji mliomo humu: nani kati yenu amewahi kurudi madhabahuni mwezi Desemba na kusema, "Nililowatangazia Januari halikuwa"?