Mlingoti (mkaratusi) mbichi au paini kavu ya dawa: kipi kwa kibanda cha bustani, kipi kwa kenchi?

mkazi_uyole
Habari zenu wakuu. Nataka kujenga kibanda cha kupumzikia bustanini hapa Uyole: nguzo sita, boriti juu yake, halafu papi (mbao nyembamba) za kupandishia passheni. Hakitaezekwa bati. Pia kuna nyumba ndogo ya uani inasubiri kenchi (fremu za mbao za kubeba paa), na hiyo itapigwa dari.

Nimeongea na wauza mbao wawili. Mmoja ana shamba lake la milingoti, atakata na kupasua kwa dingdong (mashine ndogo ya kupasulia mbao) saizi yoyote nitakayotaka, hata inchi 6 kwa 6, ila mbao zitakuja zikiwa mbichi. Mwingine analeta paini kavu ya dawa kutoka Mafinga, bei yake imechangamka, na saizi zake zinaishia 2 kwa 6. Nimeona Uingereza wanajenga kwa mwaloni mbichi kabisa na majengo yanakaa karne na karne. Mlingoti hauwezi kufanya hivyohivyo? Naomba mnilinganishie.

fundi_kenchi_mafinga
Mkuu, kwenye kenchi usipeleke mbao mbichi. Kenchi inashikwa na misumari. Mbao ikikauka inasinyaa, tundu la msumari linalegea, na 2 kwa 4 ni nyembamba mno kujizuia isijipinde. Matokeo utayaona kwenye bati lenye mawimbi na dari yenye nyufa. Hata kwa paini kavu, uliza umri wa mti. Paini ya miaka 8 au 10 karibu yote ni mti mchanga, hujinyonga hata ukiianika vizuri.

seremala_iringa
Nakubaliana na fundi kuhusu kenchi. Ila swali la mwaloni ni zuri, tusilipite haraka.

Wazungu hawakuanza kutumia mwaloni mbichi kwa kubana matumizi. Mwaloni hukauka polepole mno. Ukianikwa kwenye hewa ya kawaida, huhesabiwa kama mwaka 1 kwa kila inchi 1 ya unene, kwa hiyo boriti ya inchi 8 ungeisubiri miaka mingi, na ikishakauka inakuwa ngumu kuchonga. Ndiyo maana tangu zamani maseremala wao walichonga ukiwa mbichi, wakausimamisha, ukakaukia jengoni. Hata ukumbi mkubwa wa Windsor Castle uliounguzwa na moto mwaka 1992 ulirudishiwa paa la mwaloni mbichi, kazi ikaisha 1997.

Sasa angalia wanavyounganisha. Hawategemei misumari. Wanachonga ulimi kwenye ncha ya boriti na tundu la kuuingiza kwenye nguzo, kisha wanapigilia kijiti cha mwaloni *mkavu*. Tundu la kwenye ulimi linatobolewa likiwa limepishana kidogo na lile la nguzo, ili kijiti kikiingia kivute kiungo kibane. Mti mbichi unaposinyaa, unakikaba kijiti ambacho chenyewe hakisinyai tena. Yaani kusinyaa kumepangiwa mahali pake tangu mwanzo.

Kuna hesabu moja kila fundi aijue. Mbao haianzi kusinyaa siku inapokatwa. Kwanza yanatoka maji yaliyo huru ndani ya vitundu vyake, na umbo halibadiliki. Unyevu ukishuka chini ya takriban asilimia 30 ndipo kuta zenyewe za nyuzi zinapoanza kukauka na kusinyaa. Urefu haubadiliki kwa kiasi cha kukusumbua. Upana ndio unaopungua, na kufuata mzunguko wa pete za mti hupungua karibu mara mbili kuliko kutoka kiini kwenda ganda. Tofauti hiyo ndiyo inayoleta mpasuko mrefu kwenye nguzo nene. Kwenye mwaloni mpasuko huo kwa kawaida hauiangushi nguzo. Wenyewe wanautarajia.

fundi_kenchi_mafinga
Sawa kaka, lakini mlingoti siyo mwaloni. Mlingoti unakua haraka na ndani yake kuna mvutano mkubwa. Msumeno ukipita tu, ubao unafunguka na kupinda palepale mashineni, na ncha zinapasuka kabla hujapakia gari. Mti mwembamba ni mbaya zaidi. Kama mkazi_uyole anataka 6 kwa 6, gogo liwe nene na la mti uliokomaa, na ncha zipakwe rangi nzito au nta siku hiyohiyo ya kupasua ili zisikauke mbio kuliko katikati.

mama_bustani_tukuyu
Wanangu, mnaongelea juu, mimi naangalia chini. Huku kwetu Rungwe mvua haina mchezo, na nguzo haiozei juu, inaozea pale udongo unapokutana na hewa. Mbao iwe mbichi au kavu, ukiichimbia ardhini bila dawa umewapa mchwa na kuvu chakula. Simamisha nguzo juu ya kitako cha zege kilichoinuka, chenye chuma cha kuishika, maji yapite. Halafu mwanangu, passheni ikishabeba na kulowa ina uzito. Papi nyembamba mbichi zitabonyea zikiwa bado laini, na zitakaukia na hilo pinda.

mpanda_miti_njombe
Shikamoo mama, umenena. Naongeza upande wa dawa, maana watu wengi wanauziwa rangi ya kijani wakidhani ndiyo dawa.

Dawa ya kushindilia kwa mtambo haiingii vizuri kwenye mti mbichi, kwa sababu nafasi imejaa maji. Lazima ukauke kwanza. Tena kwenye mlingoti dawa inapenya sehemu nyeupe ya nje, kiini kinaikataa. Ndiyo sababu nguzo za umeme huachwa duara: ganda lote la nje limekunywa dawa na kukizunguka kiini. Ukipasua gogo kuwa 6 kwa 6, sehemu hiyo nyeupe unaitupa na mabanzi, na kinachobaki hata ukikipeleka mtamboni kitapata dawa ya juujuu tu.

Kwa hiyo kuna njia ya tatu ambayo haikutajwa: nguzo za duara zilizokaushwa na kutiwa dawa ndizo zisimame ardhini, na mlingoti mbichi uliochongwa ukae juu kama boriti, mbali na udongo. Mabaki ya mbao za dawa msiyapikie kamwe. Dawa inayotumika sana ina aseniki, na moshi wake ni sumu.

mkazi_uyole
Shikamoo mama, na asanteni wote. Nimeshawishika: kenchi paini kavu, nguzo za duara za dawa, boriti mlingoti. Nitajuaje paini ni kavu kweli? Na boriti nizianike kwanza au nizipandishe mbichi?

mpanda_miti_njombe
Kama huna kipimo cha unyevu, kata kipande katikati ya ubao, siyo kwenye ncha. Kipime, kikaushe kwenye oveni ya moto mdogo mpaka uzito usishuke tena, kisha pima. Tofauti igawe kwa uzito mkavu. Kipande cha gramu 900 kikibaki 600, unyevu ulikuwa asilimia 50, huyo amekuuzia mbichi. Kwa kenchi yenye dari mimi nisingekubali zaidi ya 20.

seremala_iringa
Boriti zipasuliwe mvua zikiisha, uzipange kivulini kwenye vijiti vya unene mmoja, na uzito juu. Jua la Juni huku linaonekana dogo lakini upepo mkavu unapasua mbao vibaya. Hazitakauka zote kufikia ujenzi, na si lazima. Tumia bolti zenye washa pana, nati zibaki mahali spana inafika, uzikaze tena kiangazi kikiisha na mwaka unaofuata. Na bolti zote ziwe zilizopakwa zinki: mti mbichi unakula chuma kitupu na kuacha michirizi myeusi kwenye boriti.

mama_bustani_tukuyu
Passheni usiipandishe mpaka nati zikazwe mara ya kwanza. Ikishafunika hapo juu, hutaiona hata bolti moja.