Vidoa vya faji vimechanganyika, nivitenganisheje?

Swali
Habarini wakuu. Nipo Tanga, nafanya mradi wa mwaka wa mwisho kuhusu faji, yaani virusi vinavyoshambulia bakteria. Nilichota maji ya mtaro Ngamiani, nikayachuja kwa kichujio cha maikromita 0.22, nikachanganya na bakteria aina ya E. koli kwenye agari laini (jeli ya kuoteshea bakteria). Asubuhi nafungua inkubeta, bakteria wametanda kama ukungu na katikati kuna matundu, yaani vidoa ambapo faji wameua bakteria! Nilifurahi mno. Ila mengine makubwa na angavu, mengine kama ncha ya sindano, yana ukungu ndani. Nikivuna yote pamoja kuna ubaya?

Jibu
Hongera sana mdogo wangu. Usivune yote, utabaki na mchanganyiko. Chagua tundu moja lililojitenga, lidunge kwa ncha ya pipeti, loweka kwenye bafa (kimiminika kinachotuliza kiwango cha asidi) yenye magnesiamu, zimua mara kumi kumi, kisha pandikiza upya. Rudia mara tatu, hata kama raundi ya pili matundu yote yamefanana. Mimi niliruka hatua hiyo, nikapoteza miezi miwili.

Jibu
Hayo ya ukungu huenda ni faji wanaojificha ndani ya jenomu (DNA yote) ya bakteria bila kumuua mara moja. Kama lengo ni tiba ya kuua bakteria wa ugonjwa, achana nao. Na unapochanganya, agari laini iwe nyuzi joto 45 hadi 50 za Selsiasi, ikizidi hapo unaua bakteria wako.

Muulizaji
Asanteni sana. Vipi klorofomu?

Jibu
Inaua bakteria waliobaki, lakini faji wenye mafuta kwenye ganda nao hufa. Jaribu kwa kiasi kidogo kwanza, na tumia chupa ya kioo.