Mega Drive 1: picha inapotea baada ya dakika kumi lakini taa bado inawaka

Gemu_Umoja
Mafundi, naomba msaada. Hii ni mashine ya gemu, Sega Mega Drive ya kwanza, ile pana, iliyotoka Uingereza. Shida zake:

Nikiiwasha ikiwa baridi, kaseti inasoma, ila mara nyingine lazima niitikise kwanza. Baada ya dakika kumi hivi skrini inakuwa nyeusi, sauti inakatika, lakini taa nyekundu haizimi. Nikiiacha ipoe, inafanya kazi tena. Nimejaribu kaseti nne, hali ni ileile.

Adapta ya asili haipo. Natumia ile ya kubadilisha volti, imeandikwa 500mA. Nikiiweka 9V picha inayumba, kwa hiyo nimeiweka 12V. Pia kupitia waya wa antena napata picha safi, lakini sauti ni mvumo mtupu. Nina maltimita na chuma cha kulehemu. Nianzie wapi?

Volti_Tano
Ndugu, ondoa hiyo adapta kabla ya kugusa kitu kingine. Mega Drive 1 inataka 9V DC, 1.2A, na ncha ya katikati ya plagi iwe hasi. Hiyo yako haifikishi hata nusu ya ampia zinazotakiwa, ndiyo maana kwenye 9V inazidiwa na picha inayumba. Kupandisha hadi 12V kumeficha tatizo hilo na kuzaa jingine.

Ndani kuna regyuleta mbili za 7805, zimefungwa kwenye bamba la kupoza joto. Kazi yake ni kushusha volti hadi 5, na kile kinachozidi hugeuka joto. Ukilisha 9V, kila ampia 1 inayopita inazalisha wati 4 za joto. Ukilisha 12V, ni wati 7. 7805 ikipata moto kupita kiasi hujizima yenyewe ili isiungue, kisha hurudi ikipoa. Hizo ndizo dakika kumi zako. Na kwa kuwa ziko mbili, kila moja ikilisha sehemu yake ya bodi, moja inaweza kulala huku nyingine ikiendelea kuwasha taa. Taa kuwaka si ushahidi kwamba mashine nzima ina umeme.

Tafuta adapta ya 9V ya 1.5A. Ukienda Luthuli Avenue, Nairobi, nenda na maltimita, maana karibu adapta zote za kamera na ruta zina chanya katikati. Gusa waya mwekundu ndani ya plagi na mweusi nje: lazima usome alama ya kutoa mbele ya namba. Usichukue ya Mega Drive 2 pia. Ile ni 10V na katikati ni chanya. Na mtu akikuletea adapta ya Japani (100V) au Marekani (120V), usiichomeke kwenye stima yetu ya 240V hata kwa sekunde moja.

Pini64
Naongezea kuhusu kutikisa kaseti, kwa sababu hilo ni tatizo tofauti na la joto. Usipulize kaseti. Mate yana unyevu, na unyevu ndio unaoleta kutu kwenye pini.

Nunua alkoholi ya isopropili ya 99%. Surgical spirit ya duka la dawa haifai, nyingi huwa na mafuta ya mbarika yanayobaki kama utando. Fungua kaseti kwa biti (kichwa cha bisibisi) ya 3.8mm, sugua pini pande zote mbili, 32 kila upande, kwa pamba ya masikio hadi pamba itoke nyeupe. Kifutio laini kitumie tu kwenye doa lililogoma, tena kwa mkono mwepesi, kwani kinakwangua dhahabu. Kwa soketi ya mashine, lowesha pini za kaseti iliyosafishwa, ichomeke na kuichomoa mara kumi umeme ukiwa umezimwa, futa, rudia, kisha acha ikauke kabisa. WD-40, yale mafuta ya kupuliza, isikaribie hapo.

Sauti yako si mbovu. Uingereza walitumia mfumo wa TV wa PAL I, ambapo sauti hukaa 6.0MHz juu ya picha; TV za analogi za huku ni PAL B/G, zinaitafuta kwenye 5.5MHz. Picha inapita, sauti haipatikani. Achana na antena, tumia waya wa AV (wa picha na sauti) kutoka kwenye tundu la duara la DIN la pini 8 nyuma. Hapo sauti ni mono. Stereo iko kwenye tundu la hedifoni mbele.

Gemu_Umoja
Asanteni sana. Nimepata adapta ya 9V 1.5A, hasi katikati. Soketi nimesafisha, kaseti sasa inashika mara moja. Kwa AV sauti ipo. Lakini baada ya nusu saa picha imepotea tena. Nimepima: 7805 moja inatoa 5.0V, nyingine imeshuka hadi 3.4V.

Volti_Tano
Vizuri, sasa tuna namba. Usiilaumu 7805 bado. Mashine ikiwa imewaka, pima mguu wa 1 wa ile mbovu (maandishi yakikutazama, ni wa kushoto, wa kuingiza, wa 2 ni ardhi, wa 3 ni kutoa). Ukikuta chini ya 7V, swichi ya kuwashia ina kutu na inakula volti: ipulizie dawa ya kusafisha swichi, isukume mara nyingi. Ukikuta 8V au zaidi, zima, chomoa adapta, pima ohmu kati ya mguu wa 3 na wa 2. Ohmu mbili tatu maana yake kuna shoti mbele, anza kushuku kapasita. Kama hakuna shoti, badilisha regyuleta.

Omba L7805CV, umbo la TO-220. Wakikupa 78L05 ndogo kama transista, rudisha, hiyo inabeba 100mA tu. Futa pasti ya kupitisha joto iliyokauka kwenye bamba, paka mpya utando mwembamba, na kaza skrubu kabla ya kulehemu miguu, usije ukaivuta ikiwa imeshalehemiwa.

Pini64
Ukiwa umefungua, badilisha na kapasita za elektroliti zilizo karibu na hizo 7805, zimepikwa na joto lilelile. µF zilezile, volti sawa au zaidi, na mstari mweupe uelekee hasi.

Gemu_Umoja
Mguu wa 1 ulikuwa 8.6V, shoti hakuna. Nimeweka L7805CV mpya, pasti na kapasita. Saa mbili mfululizo, zote mbili zinasoma 5.0V.